Mwaka Huo Walikuwa Wanamwogopa Nani?

Watanzania tukianza kuizungumzia China, utasikia moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba Mchina ni rafiki wa kweli, alitujengea reli ya TAZARA, ya kwenda Zambia, wakati wakubwa wengine wametukatalia. La pili limeshamiri zaidi miaka ya karibuni: Mchina ana mpango wa miaka mia, kila anachokifanya leo alishakipanga zamani. Mimi nimekulia kwenye hilo la kwanza. Nyumbani kwetu kulikuwa na chupa ya chai ya Kichina yenye maua mekundu, na ole wake mtoto aliyeigusa. Hilo la pili nimelisikia kwenye daladala na kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka limenichosha.

Kadiri ninavyozidi kusoma historia ya siasa za nje za China tangu Chama cha Kikomunisti kiliposhika dola mwaka 1949, ndivyo yote mawili yanavyonipwaya. Huyo rafiki wa kudumu alibadilisha marafiki kila baada ya miaka kumi hivi. Na huyo mwenye mpango wa karne, ndani ya miaka thelathini tu, alipigana na Wamarekani, akapigana na Wahindi, akapigana na Warusi, akamalizia kwa Wavietnamu, ambao wawili kati ya hao aliwahi kuwaita ndugu. Kama huo ulikuwa mpango, aliyeupanga alikuwa na kichwa kigumu sana.

Kwa hiyo nimejizoesha kuuliza swali jingine: mwaka huo Beijing ilikuwa inamwogopa nani? Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu yanaanza kueleweka. Ila lazima uongeze jambo moja ambalo halikubadilika hata siku moja, nalo ni Taiwan, yaani nani hasa ana haki ya kuitwa China mbele ya dunia.

Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China, tarehe 1 Oktoba 1949, juu ya lango la Tiananmen, adui alikuwa anajulikana. Chiang Kai-shek, aliyekuwa akiitawala China, alikuwa anashindwa vita, na kabla mwaka haujaisha serikali yake ilihamia Taiwan, ikabaki na kiti cha China Umoja wa Mataifa, na Marekani ilikuwa nyuma yake. Mao alikuwa ameshaandika mwishoni mwa Juni kwamba China itaegemea upande mmoja, upande wa Wasovieti. Desemba akapanda treni kwenda Moscow. Alikuwa anakaribia miaka 56 na hakuwahi kutoka nje ya nchi yake. Stalin alimpokea, kisha akamwacha wiki kadhaa kwenye nyumba ya mapumziko nje ya mji akisubiri. Inasimuliwa kwamba Mao alilalamika kuwa kazi aliyopewa pale ni kula, kulala na kwenda chooni. Mkataba wa urafiki ulitiwa saini tarehe 14 Februari 1950, pamoja na mkopo wa dola milioni 300 kwa riba ya asilimia moja. Kwa nchi kubwa iliyotoka kwenye vita vya miaka mingi, hazikuwa fedha za kumtoa mtu machozi ya furaha.

Miezi michache baadaye Korea ikalipuka. Majeshi yaliyoongozwa na Marekani yaliposogea kuelekea mto Yalu, mpakani kabisa na China, Mao alipeleka wanajeshi wake wakiitwa "watu waliojitolea", chini ya Peng Dehuai. Walianza kuvuka mto tarehe 19 Oktoba 1950. Mtoto wake mwenyewe wa kiume, Mao Anying, aliuawa huko kwa bomu la ndege mwezi Novemba. Vita vilisimama Julai 1953 pale pale karibu na vilipoanzia. Lakini tangu siku za mwanzo za vita hivyo manowari za Marekani zilikuwa zimeingia mlango bahari wa Taiwan, na mpango wa kukiteka kisiwa ukafa. Sijui kama kuna uamuzi mmoja wa karne iliyopita uliofunga mambo ya Asia Mashariki kuliko ule. Mpaka leo tunausoma kwenye vichwa vya habari.

Sasa njoo kwenye tukio ninalolipenda kuliko yote, la bwawa la kuogelea. Ilikuwa Julai 31, 1958. Nikita Khrushchev amefika Beijing. Wasovieti walikuwa wamependekeza kikosi cha pamoja cha nyambizi na kituo cha redio cha kuwasiliana nazo kwenye pwani ya China, na Mao alikuwa amefura. Kwake yeye hiyo ilikuwa mitego ileile ya wakoloni, imebadilishwa rangi tu. Kiongozi wa nchi ya pili kwa nguvu duniani akapelekwa bwawani, akavuliwa suti. Mao alikuwa mwogeleaji hodari, anakwenda na kurudi huku anazungumza siasa, wakalimani wanamfuata ukingoni. Khrushchev hakujua kuogelea vizuri, ikabidi apewe boya. Fikiria mazungumzo ya silaha za nyuklia na mmoja wenu anaelea ndani ya boya. Wiki tatu baada ya hapo China ikaanza kukipiga mizinga kisiwa cha Jinmen, kilichokuwa mikononi mwa jeshi la Taiwan, bila kumshirikisha mgeni yule.

Ugomvi ule ulikuwa na mambo ya itikadi ndani yake, nani anamfuata Lenin sawasawa na nani amepotoka, na magazeti ya pande mbili yaliandika kurasa kwa kurasa. Mimi naamini zaidi bomu. Moscow iliahidi kuisaidia China kutengeneza silaha ya nyuklia mwaka 1957, ikaivunja ahadi hiyo Juni 1959. Wachina wakaupa mradi wao jina la namba, 596, mwaka 59 mwezi wa 6, ili asije mtu akasahau. Julai 1960 Khrushchev akawaita nyumbani wataalamu wake wote, zaidi ya 1,300, na michoro yao. Viwanda vikabaki vimejengwa nusu, nchini kukiwa na njaa kubwa iliyoletwa na sera za Mao mwenyewe. Bomu lililipuka jangwani Lop Nur tarehe 16 Oktoba 1964. Khrushchev alikuwa ameondolewa madarakani siku mbili kabla.

Kwa hiyo ifikapo katikati ya miaka ya sitini, China inaogopa pande zote mbili. Hana Washington, hana Moscow. India amepigana nayo kwenye milima ya Himalaya mwaka 1962. Anatafuta marafiki wapi? Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Zhou Enlai, waziri mkuu, alikuwa ameshatengeneza jina zuri kwenye mkutano wa Bandung, Indonesia, mwaka 1955, alipowaambia wajumbe wa Asia na Afrika kwamba amekuja kutafuta umoja, hakuja kugombana. Ndege iliyobeba baadhi ya wajumbe wa China kwenda kwenye mkutano ule ililipuliwa angani kwa bomu, yeye hakuwemo. Desemba 1963 alianza ziara ya nchi kumi za Afrika, kutoka Misri mpaka Somalia. Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa kwenye ratiba, lakini Januari 1964 wanajeshi wetu waliasi na ziara ya upande huu ikafutwa. Akaishia Mogadishu, akasema Afrika imeiva kwa mapinduzi. Alikuwa na maana yake, lakini marais waliokuwa wameingia Ikulu juzi tu, wengine wakiwa wametoka kuponea chupuchupu kupinduliwa na askari wao, hawakuipenda hata kidogo. Mwaka uliofuata Burundi iliwafukuza wanadiplomasia wa China, na Kenya ikamtimua mwandishi wa shirika lao la habari. Ndiyo maana nasema hadithi ya urafiki wa Afrika na China inasikika vizuri zaidi ukiwa Dar es Salaam kuliko ukiwa Bujumbura.

Na Dar es Salaam ina sababu zake. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965. Novemba mwaka huo walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita kusini, ikahitaji njia nyingine ya kwenda baharini. Wakubwa wa Magharibi na Benki ya Dunia walishasema reli ya Dar hailipi. China ikasema itajenga. Makubaliano yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967.

Hebu iangalie tena tarehe hiyo. Agosti 22, 1967, wiki mbili tu kabla, vijana wa Walinzi Wekundu walikuwa wamevamia ofisi ya ubalozi wa Uingereza mjini humo humo na kuichoma moto. Yalikuwa Mapinduzi ya Utamaduni, Mao alipowachochea vijana kuwashambulia wakubwa wa chama chake mwenyewe. Mabalozi wote wa China walikuwa wameitwa nyumbani "kujifunza upya", akabaki mmoja tu duniani kote, Huang Hua, Cairo. Waziri wa mambo ya nje, Chen Yi, mwanajeshi aliyepigana maisha yake yote, alikuwa akiburuzwa mbele ya mikutano ya vijana na kutukanwa. Katikati ya kichaa hicho wanakaa na Watanzania na Wazambia wanazungumza mataruma na mabehewa. Mkopo usio na riba, yuan milioni 988. Kilomita 1,860. Kila nikiifikiria naona hiyo ndiyo ilikuwa sera ya nje pekee waliyobaki nayo, na waliishikilia.

Baba mkubwa wangu alifanya kazi kwenye kipande cha kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, kile cha mahandaki na madaraja, kigumu kuliko vyote. Anachokikumbuka ni kwamba mhandisi wa Kichina alikuwa analala kwenye hema kama lake, analima mchicha wake mwenyewe nyuma ya kambi, na asubuhi anaingia handakini wa kwanza. "Mzungu gani umewahi kumwona hivyo?" ananiuliza, na sina jibu. Wapo waliokufa huko. Karibu sabini wamezikwa Gongo la Mboto, makaburi yamepangwa safu safu kama gwaride, majina yamechongwa kwa maandishi yao. Nikimwambia mzee kwamba wale vijana walitumwa kwa sababu serikali yao ilikuwa imefungiwa milango ya dunia, ananijibu kwamba sababu ya mtu kukusaidia haipunguzi jasho lake. Hapo nampa haki yake.

Reli ilipoanza kujengwa Oktoba 1970, hofu ya Beijing ilikuwa imeshapata jina moja. Tarehe 2 Machi 1969, kwenye mto Ussuri ulioganda barafu, askari wa China na wa Kisovieti walipigana risasi juu ya kisiwa kidogo kiitwacho Zhenbao. Wasovieti walikuwa wanarundika majeshi mpakani, na Beijing ikaanza kuchimba mahandaki ya kujikinga na mabomu chini ya mji. Septemba, waziri mkuu wa Kisovieti Aleksei Kosygin, akitokea mazishini kwa Ho Chi Minh, aligeuza ndege kutoka Asia ya Kati kuja kuonana na Zhou. Walizungumza palepale kwenye uwanja wa ndege. Mgeni hakukaribishwa mjini.

Mao aliwapa majenerali wanne wazee, Chen Yi akiwa mkuu wao, kazi ya kutazama upya hali ya dunia. Walikuwa wamesukumwa pembeni na vijana, kwa hiyo muda walikuwa nao. Jibu lao: Moscow ni hatari kubwa kuliko Washington, na hao wawili wana ugomvi, basi utumieni. Yaliyofuata mnayajua. Aprili 1971, kwenye mashindano ya mpira wa meza Nagoya, Japani, kijana wa Kimarekani Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyemsemesha, mpaka bingwa Zhuang Zedong alipotoka nyuma ya basi akampa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilikuwa Beijing. Julai, Henry Kissinger, mshauri wa rais wa Marekani, akiwa Pakistan akasingizia tumbo, akatoweka, akaibukia kwa Zhou. Februari 1972 Rais Richard Nixon mwenyewe akashuka kwenye ndege na kunyoosha mkono.

Kati ya Kissinger na Nixon kuna usiku mmoja wa Oktoba 1971 ambao ni wetu. Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuipa Beijing kiti cha China kilichokuwa kimeshikwa na Taiwan: 76 wakakubali, 35 wakakataa, 17 hawakuegemea upande. Mwakilishi wa Tanzania alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29 aliyewahi kuwa balozi wetu Beijing. Wajumbe wa Afrika walishangilia, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba Watanzania walicheza ngoma ukumbini. Balozi wa Marekani pale alikuwa George H. W. Bush. Miaka kumi baadaye Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bush akiwa makamu wa rais, na Marekani ikamwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim mara 16, ikisema zamu hii ni ya nchi za dunia ya tatu. Kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wanaosema Mchina husahau fadhila, hapo wanapaswa kunyamaza kidogo.

Lakini msitulie bado, maana kuna Angola.

China iliyowaogopa Wasovieti kupita kiasi ilianza kumpima kila mtu kwa kipimo kimoja: uko na Moscow au hauko? Mobutu Sese Seko, rais wa Zaire (yaani Congo), ambaye China iliwahi kuwasaidia waasi wa Congo dhidi ya upande wake miaka ya sitini, alikaribishwa Beijing Januari 1973 kwa heshima zote. Inasimuliwa Mao alimtania kwamba amepoteza fedha nyingi kujaribu kumwangusha. Mwaka 1974 wakufunzi wa kijeshi wa China walikuwa Zaire wakifundisha wapiganaji wa FNLA ya Holden Roberto, moja ya vyama vilivyopigania uhuru wa Angola, kwa sababu MPLA ya Agostinho Neto, mpinzani wake, ilikuwa inapewa silaha na Wasovieti. FNLA hiyohiyo ilikuwa inalipwa na Marekani. Na Oktoba 1975 majeshi ya makaburu yakaingia Angola upande uleule. China iliwaondoa watu wake mwezi huohuo, lakini doa lilishaingia. Nchi iliyokuwa inamalizia reli ya kuikomboa Zambia kutoka mikononi mwa makaburu ilijikuta imesimama safu moja nao kwa jirani wa Zambia upande wa magharibi. Tanzania iliitambua MPLA. Beijing na Luanda hazikufungua uhusiano mpaka 1983.

Haikuwa bahati mbaya ya mara moja. Jenerali Pinochet alipompindua rais mjamaa Allende mwaka 1973, China haikuvunja uhusiano na Chile. Februari 1979 Deng Xiaoping, kiongozi wa China baada ya Mao, ametoka tu kuzuru Marekani na kuvaa kofia ya kichunga ng'ombe huko Texas, aliivamia Vietnam, nchi ambayo China ilipeleka askari wapatao 320,000 kwa zamu kuisaidia katikati ya miaka ya sitini. Kosa la Vietnam lilikuwa kuwa karibu na Moscow na kumwondoa Pol Pot, mtawala katili wa Cambodia aliyekuwa mtu wa Beijing. Wachina walitoka baada ya mwezi mmoja, wakiwa wamepata funzo kali kuhusu jeshi lao wenyewe. Pol Pot ni ukurasa ambao marafiki wa China huufunua haraka sana, na mimi sioni namna ya kuufanya usomeke vizuri.

Miaka ya themanini naipita mbio, kwa sababu kwa mara ya kwanza hofu ilipungua. Deng alitaka viwanda, akahitaji mipaka iliyotulia. Mkataba wa kurudishiwa Hong Kong ulisainiwa na Waingereza Desemba 1984. Mikhail Gorbachev alikuja Beijing Mei 1989 kumaliza ugomvi wa miaka thelathini, akakuta uwanja wa Tiananmen umejaa wanafunzi, ikabidi sherehe ya kumpokea ifanyikie uwanja wa ndege.

Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia Juni 4, vifaru viliingia mjini. Kuanzia hapo anayeogopwa amebadilika tena, na safari hii yuko ndani: raia wao wenyewe, na wazo kwamba Magharibi inaweza kuuondoa ukomunisti bila risasi, kama ilivyotokea Ulaya Mashariki na mwaka 1991 kwa Wasovieti. Magharibi iliwawekea vikwazo. Ushauri wa Deng ulikuwa wa mtu aliyekwisha kunyeshewa: tulieni, ficheni makali yenu, jengeni uchumi. Qian Qichen, waziri wa mambo ya nje, akaanza kuja Afrika. Tangu 1991 kila waziri wa mambo ya nje wa China anaanza mwaka kwa ziara ya bara hili. Watu wanauona kama ustaarabu tu, lakini miaka ile Taiwan ilikuwa inarudi na fedha kutafuta kutambuliwa, ikaipata Gambia mwaka 1995 na Senegal 1996. Zote zimerudi Beijing. Leo Afrika nzima imebaki Eswatini peke yake.

Xi Jinping alipoingia mwaka 2013, safari yake ya kwanza kama rais ilipita Moscow kisha Dar es Salaam, ambako alihutubia kwenye ukumbi wa Mwalimu Nyerere uliojengwa kwa msaada wao. Ushauri wa kuficha makali ulikuwa umeshawekwa kabatini. Hofu yake ni ya baharini: mafuta na bidhaa za China zinapita kwenye mlango bahari mwembamba wa Malacca, na manowari zenye nguvu kuliko zote kwenye maji yale si zake. Ukiwa na hilo akilini, reli, bandari, visiwa vya kujazwa mchanga Bahari ya Kusini ya China na kambi ya kijeshi iliyofunguliwa Djibouti mwaka 2017 vinakaa kwenye ramani moja. Urusi, iliyokuwa jinamizi la Mao, mwezi Februari 2022 ilitangazwa kuwa rafiki asiye na mipaka. Na kisiwa cha Zhenbao? Moscow ilikubali kwenye mkataba wa mwaka 1991 kwamba ni cha China.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania na Zambia walisimama pamoja na Xi kushuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA, ambayo kwa muda mrefu imekuwa inabeba mzigo mdogo sana kuliko iliyojengewa. Desemba mwaka huo Joe Biden alitua Angola kuipigia debe reli ya Lobito, inayochukua madini ya Congo na Zambia kuyapeleka upande wa Atlantiki. Marekani ambayo mwaka 1967 haikuona faida ya reli yetu sasa inatafuta reli yake. Nilimpelekea baba mkubwa picha za mikutano yote miwili kwenye simu. Alichotaka kujua ni kama nauli ya Mlimba itapanda.